Walimu Wasiidharau Sanaa ya Vijisanduku

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa ningali nafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili, nilimnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha pili daftari lake la hesabu. Kosa lake lilikuwa dhahiri. Wakati wenzake walipokuwa wakinakili mifano ya vitenzi kutoka ubaoni, yeye alikuwa ameinama akivipaka rangi vijisanduku vya daftari, kimoja baada ya kingine, kwa penseli nne alizozificha chini ya dawati. Nililitwaa daftari, nikalitupia jicho la haraka, nikaona kijitu cha miraba kimesimama kando ya barabara ya miraba, na juu yake mawingu ya miraba. Nikamwambia maneno ambayo walimu wengi huyasema katika hali kama hiyo, kwamba mzazi wake hakuuza ng'ombe ili mwanawe aje shuleni kuchora michezo ya video. Darasa likacheka. Daftari nililitia mkobani, nalo likakaa humo hadi Ijumaa.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu kila walimu wanapokutana siku hizi, hawakosi kulalamika kwamba michezo ya video inawapotezea vijana wakati na kuwafanya wasahau vitabu. Malalamiko hayo si ya uongo. Hata hivyo, ndani ya michezo hiyo umezuka utanzu mmoja wa sanaa ambao hatujauchunguza kwa makini, nao unahusu vitabu kuliko tunavyodhani. Katika utanzu huo, wasanii huchukua filamu, nyimbo na hata riwaya maarufu, wakazichora upya zifanane na michezo ya video ya miaka ya 1980: watu wa miraba, rangi chache, na muziki wa milio myembamba. Riwaya ya picha iitwayo Scott Pilgrim, kwa mfano, ilipogeuzwa kuwa filamu mwaka 2010, kampuni ya Ubisoft ilitoa mchezo wake mwaka huohuo, nao ukachorwa kwa makusudi kama mchezo mkongwe. Kuanzia mwaka 2013 kituo cha CineFix huko Marekani kilikuwa kikitoa mfululizo wa video fupifupi zinazosimulia filamu mashuhuri kana kwamba ni michezo ya zamani.

Mtu mzima anaweza kuuliza: kuna haja gani ya kurudi nyuma? Kompyuta za leo huchora uso wa binadamu mpaka kinyweleo cha mwisho. Kwa nini kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 atamani picha zenye kasoro ambazo baba yake alizivumilia kwa kukosa nyingine?

Ili kulijibu swali hilo, inafaa tuielewe mitambo yenyewe. Wengi waliokulia katika miji yetu katika miaka ya 1990 wataikumbuka ile ya bei nafuu iliyounganishwa na runinga, ambayo kaseti zake zilikuwa zikipulizwa vumbi kabla ya kutumbukizwa. Mingi kati ya hiyo ilikuwa nakala ya mtambo ambao kampuni ya Nintendo iliutoa nchini Japani mwaka 1983. Mtambo huo ulikuwa maskini ajabu. Skrini yake ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu. Kila kiumbe kinachotembea kiliundwa kwa vipande vya nukta 8 kwa 8, au 8 kwa 16, na kila kipande kiliruhusiwa rangi tatu tu. Vipande zaidi ya vinane vilipojipanga katika mstari mmoja, vile vya ziada havikuonekana. Sauti nazo zilikuwa na njia tano pekee, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kutoa mvumo tu. Mchezo mzima wa Super Mario Bros., ambao ulitolewa mwaka 1985 na kuvuma dunia nzima, ulienea katika kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya mkononi leo huzidi hapo mara nyingi.

Ni katika umaskini huo ambamo ustadi ulizaliwa. Mawingu na vichaka katika mchezo huo wa Mario ni mchoro mmoja. Kilichobadilishwa ni rangi, ukiwa mweupe ni wingu na ukiwa wa kijani ni kichaka. Mario mwenyewe, ambaye alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1981 katika mchezo wa Donkey Kong, alipewa masharubu kwa kuwa nukta hazikutosha kuuchora mdomo. Alivishwa kofia kwa kuwa nywele zilikuwa taabu kuchora, na suruali yenye kanda za mabegani ili mikono yake ionekane ikitembea mbali na kiwiliwili. Mchoraji wake, Shigeru Miyamoto, ameyaeleza hayo mara nyingi. Sura inayotambuliwa leo na watoto wa mabara yote ilitokana na upungufu.

Kuna jambo jingine katika habari ya Mario ambalo halitajwi sana. Nintendo haikukusudia kumuumba. Ilitaka kutengeneza mchezo wa Popeye, yule baharia wa vibonzo mla spinachi, na ilipokosa idhini ya kuwatumia wahusika hao ndipo adui wa Popeye akageuka kuwa sokwe na baharia mwenyewe akawa fundi mrukaji. Kwa hivyo tangu mwanzo kabisa michezo hii ilikuwa ikijaribu kuzisimulia upya hadithi ambazo umma ulikwisha kuzipenda. Tunachokiona leo hakikuanza leo.

Lakini si kila usimulizi wa namna hiyo ulifaulu. Mwaka 1982 filamu ya Steven Spielberg, E.T., iliwaliza watu wazima na watoto kwa hadithi ya kiumbe wa anga aliyeachwa duniani na mtoto aliyemhifadhi. Kampuni ya Atari ilinunua haki ya kuitengenezea mchezo, nayo ikautaka uwe madukani kabla ya Krismasi. Mtengenezaji, Howard Scott Warshaw, alikuwa na wiki tano hivi. Matokeo yalikuwa mchezo ambamo kiumbe yule, aliyependwa kwa upole wake, kazi yake kubwa ni kutumbukia mashimoni na kujikongoja kutoka. Kaseti nyingi zikarudi bila kununuliwa, na mwaka 1983 Atari ikazifukia shehena za bidhaa zake katika jaa la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Kwa miaka mingi watu walidhani ni uvumi, mpaka jaa hilo lilipofukuliwa mwezi wa Aprili mwaka 2014 na kaseti zikapatikana. Mtambo wa Atari ulikuwa dhaifu kweli, lakini mimi siulaumu mtambo. Nailaumu haraka ya wafanyabiashara. Hakuna aliyepewa nafasi ya kujiuliza ni kitu gani katika filamu ile kilichowaliza watu.

Swali hilo, hadithi hii kiini chake ni kipi, ndilo linalonifanya niwatetee wachora miraba mbele ya walimu wenzangu. Mwenye rangi elfu anaweza kuchora kila kitu bila kuchagua. Mwenye rangi tatu hana budi kuchagua, na kuchagua ndiko kusoma kwenyewe.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 2011. Vijana wawili Wamarekani, Charlie Hoey na Pete Smith, waliitoa katika intaneti, bure, The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald ya mwaka 1925, ikiwa mchezo wa mtindo wa Nintendo. Kwa mzaha wakadai kwamba walikuwa wameokota kaseti kuukuu isiyojulikana katika mnada wa vitu vikuukuu. Mchezaji anamwongoza Nick Carraway, msimulizi wa riwaya, akiwa amevaa suti na kofia. Kofia hiyo ndiyo silaha. Nick anawavurumishia watumishi na wacheza dansi katika karamu za Gatsby, anapanda treni, na mbele anakabiliana na macho makubwa yanayorusha miale.

Aliyeisoma riwaya atacheka hapo, tena kicheko cha mtu aliyefahamu. Macho hayo katika kitabu ni tangazo la daktari wa miwani, T. J. Eckleburg, lililochakaa juu ya bonde la majivu. Hayamdhuru mtu. Yanatazama tu, na wahakiki wameandika kurasa nyingi kueleza kama ni macho ya Mungu, ya biashara, au ni ubao mtupu. Watengenezaji wa mchezo waliyafanya jitu la kupigana nalo. Vivyo hivyo Nick katika riwaya ni mtu asiyetenda: anaalikwa, anasikiliza, anawafichia watu siri zao, na maafa yanapotokea anabaki na kazi ya mazishi. Mchezo wa video haumjui mtu wa namna hiyo. Vitenzi vyake ni kuruka, kupiga na kuokota. Kwa hiyo Nick akapewa kofia ya kurusha, na mtu aliyeandikwa ili atazame akawa shujaa.

Je, wameiharibu riwaya? Yupo atakayesema hivyo, nami simbishii sana. Hata hivyo, mzaha ule hauna ladha kwa asiyesoma kitabu. Kwake ni mtu mwenye kofia tu. Ni lazima uwe umeufahamu unyamavu wa Nick ndipo uone kichekesho cha kumwona akivunja karamu kwa kofia. Mchezo umeonyesha, kwa njia ya kinyume, jambo ambalo mwalimu hulipigania kwa vipindi vitatu: kwamba msimulizi wa riwaya hii hafanyi lolote, na kwamba kutofanya kwake ni sehemu ya maana.

Turudi kwenye daftari. Ijumaa ile nilimwita mwenyewe nimrudishie, na kabla ya kumpa nikalifungua tena. Kijitu kile kilikuwa kimetoka upande wa kushoto, ambako kwa herufi za miraba paliandikwa TANGA, na kulia, kurasa nne baadaye, paliandikwa KITALE. Nikamuuliza ni nani. Akajibu, "Ni Kongowea, Mwalimu." Alikuwa ameikuta Siku Njema ya Ken Walibora katika kabati la maktaba, riwaya iliyochapishwa mwaka 1996, nayo haikuwamo katika orodha yetu ya vitabu teule. Hakuna aliyemwagiza aisome. Kongowea Mswahili, kwa wasioikumbuka, ni kijana anayetoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake baada ya kufiwa na mama, Zainabu Makame, aliyekuwa mwimbaji wa taarabu.

Penseli nyekundu alikuwa ameitumia mahali pamoja tu katika kurasa zote nne. Ilikuwa leso ya mama, katika ukurasa wa kwanza. Kwingine kote palikuwa na kahawia, kijani na buluu. Nikamuuliza pia mbona juu ya ukurasa, mahali ambapo michezo hii huonyesha alama za mchezaji, ameacha pengo. "Nilishindwa, Mwalimu," akasema. "Sikujua apewe alama kwa kufanya nini."

Nilikuwa nimefundisha riwaya kwa miaka mingi, na sikuwa nimepata kusikia mwanafunzi akisema jambo lenye maana kiasi hicho juu ya msafiri yule. Kweli, Kongowea apewe alama kwa lipi? Kwa kufiwa? Kwa kuteswa? Kwa kutembea? Mtoto wa kidato cha pili alifika mahali ambapo mchezo hauwezi kuibeba riwaya, akatambua, akaacha pengo badala ya kubuni sarafu za kuokota. Watu wa Atari, kwa fedha zao zote, hawakulitambua hilo.

Sasa tulinganishe na yale tunayoyakubali darasani bila kunung'unika. Maduka ya vitabu yamejaa miongozo ya riwaya na tamthilia teule. Mwanafunzi hupewa orodha ya maudhui, ya wahusika na sifa zao, na ya mbinu za lugha zikiwa na kurasa zake. Huikariri, akaingia katika mtihani wa fasihi, akapata alama nzuri ya kumwezesha kusonga mbele, na riwaya yenyewe hajaifungua. Nami sitajitenga na lawama, kwani nimewahi kuwasomea wanafunzi mwongozo muhula ulipokuwa umebaki siku chache. Huo nao ni ufupishaji, tena mbaya kuliko wa miraba, maana mwongozo humfanyia mwanafunzi kazi ya kuchagua na kumkabidhi matokeo. Mchora miraba huifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa penseli yake.

Isitoshe, sanaa ya kuzitia hadithi kubwa katika vyombo vyembamba si ngeni kwetu. Katika utenzi, kila kipande cha ubeti kina mizani 8, si 7 wala 9, na vipande vitatu vya kwanza hulingana vina huku cha nne kikibeba kina cha bahari. Mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo wa Athumani alizichukua habari za vita vya Tabuki, ambazo Waislamu walikuwa wakisimuliana kwa Kiarabu, akazitia katika mizani hiyo minane kwa zaidi ya beti 1,000. Hizo zilikuwa hadithi pendwa za wakati wake, naye alizichukua kutoka mbali akazipunguza na kuzipanua kulingana na chombo alichokuwa nacho. Msusi wa mkeka naye hawezi kuzungusha duara katika ukili. Hulivunja duara likawa ngazi ndogondogo, na jicho la mtazamaji likalimaliza lenyewe. Mtoto anayevipaka rangi vijisanduku anafanya jambo ambalo bibi yake angelitambua mara moja.

Nasema haya huku nikitambua hatari zake. Ya kwanza ni ile ya vitenzi niliyoitaja. Mtu akizoea kuiona kila hadithi kama safari yenye maadui na zawadi, atakosa subira na kazi kama Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ambamo mapambano mazito ni ya ndani ya watu na ndani ya nyumba. Ya pili ni kwamba karibu kila hadithi inayochorwa upya kwa mtindo huu inatoka Marekani au Japani. Vijana wetu wanamtambua fundi wa masharubu kwa kivuli chake tu, ilhali Fumo Liyongo hawamjui angesimama vipi katika nukta 16. Na Liyongo, kwa jinsi alivyo, kichwa kingegonga ukingo wa skrini. Hapo pana fumbo zuri la kumpa mwanafunzi: utaonyeshaje kwamba mtu ni mrefu kupita watu wote ikiwa huna nafasi ya kumrefusha?

Yako pia mambo ya sheria, nayo yasipuuzwe. Zoezi la darasani ni jambo moja, na kuutoa mchezo hadharani kwa watu kuununua ni jambo lingine. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mwandishi katika maisha yake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na ulinzi huo unahusu pia kuigeuza kazi yake iwe ya umbo jingine. Walibora alifariki mwaka 2020. Kijana atakayetaka kuifanya Siku Njema mchezo wa kuuza hana budi kuomba ruhusa.

Kuhusu gharama, wale wanaoniambia kwamba shule zao hazina kompyuta nawajibu kwamba sijaomba kompyuta. Karatasi moja ya vijisanduku, penseli za rangi nne, na onyesho moja kutoka katika kitabu kinachosomwa: hivyo vinatosha kwa kipindi kimoja. Mwanafunzi achore onyesho hilo katika eneo la vijisanduku 32 kwa 30, kisha chini yake aandike aya moja akieleza ni nini alichokiacha na kwa nini. Wasiojua kuchora wasiogope, kwa sababu katika miraba hakuna anayejua kuchora. Kila mtu anahesabu tu.

Mwalimu mmoja niliyemsimulia haya aliniuliza zoezi kama hilo litasahihishwaje, maana bila alama wanafunzi hawatalifanya. Nilimwambia kwamba mchoro usipewe alama yoyote. Alama zote 10 ziwekwe kwenye ile aya, na atakayeandika kwamba hakuacha kitu arudishiwe kitabu akasome tena.